Maziwa ya Khavar

Sahani ya kwanza ililiwa na paka. Ya pili pia. Ilipofika ya tatu, paka wa Ndani walikuwa wameshaujua mlango, wakawa wanakuja kila mchana na kujipanga kizingitini kwa Mahrokh kama wageni walioalikwa.

Ndani, ndivyo wenyewe walivyoiita nyumba ya wanawake iliyokuwa nyuma ya kasri la Shah, pale Tehran. Ua unaingia kwenye ua, chumba kinapakana na chumba, kila chumba kina mke, na kila mke ana mjakazi anayejua nini kimepikwa kwa jirani na nani kalia usiku. Mtu akipiga chafya ua wa kusini, ua wa kaskazini wanamwombea afya. Mimi sijaona mahali watu wanapochunguzana namna ile, na nimekaa na watu wengi.

Sahani zilitoka kwa Bibi Shokuh. Huyu alikuwa mke mkubwa, mtoto wa ukoo wa kifalme baba na mama, mwenye ndoa isiyo na mwisho na pua ndefu ya ukoo wao. Kwa miezi mingi hakumwona Mahrokh hata wakikutana mlangoni mwa hamamu. Alimpita kama anavyopita nguzo. Halafu Mahrokh akazaa binti, Turan, na ghafla Bibi Shokuh akawa mkarimu. Leo wali wa zafarani na kuku, kesho sharbati ya komamanga, keshokutwa bakuli la halua. Sasa wewe ungekula?

"Bibi, huu wali una harufu ya zafarani tu," alisema Nabati, mjakazi wa Mahrokh, huku akiukodolea macho ukoko uliokaangika vizuri. Walikuwa wametoka kijiji kimoja, kule Tajrish, na Nabati hakuwa na adabu za kasri wala hakuzitafuta.

"Zafarani ndiyo inayoficha."

"Basi hao paka mbona hawafi? Wananenepa tu. Yule wa kijivu amekuwa kama Agha Yakuti."

Agha Yakuti alikuwa towashi mkuu, mlinzi wa milango, na kweli alikuwa na tumbo. Mahrokh hakucheka. "Kuna sumu ya polepole," akasema.

"Ya polepole mpaka lini? Mpaka wazae?"

"Nabati, wape paka."

Nabati akawapa, akinung'unika kwamba wengine wamezaliwa na bahati na mikia.

Msimwone Mahrokh mjinga. Alikuwa na sababu. Yeye alikuwa binti wa fundi wa matandiko ya farasi. Shah alimwona kiangazi kimoja huko milimani, akamtaka, akaandikishiwa ndoa ya muda. Muda wenyewe ulikuwa unaisha Nairuzi, mwaka mpya ukiingia, na Shah alikuwa ameshaacha kumwita. Mke wa muda aliyemaliza mkataba hupewa sanduku la nguo, huozwa ofisa fulani wa jeshi mwenye ndevu za kijivu, na hutoka kwa mlango wa nyuma. Mtoto hatoki. Mtoto ni wa Shah, hubaki na kulelewa na atakayepangiwa, na mama yake atamwona pale Mungu atakapopenda.

Jambo moja tu lingeweza kumbakiza. Mama wa Shah, bibi mzee ambaye mawaziri walikuwa wakitetemeka akikohoa nyuma ya pazia, alikuwa na mjukuu aliyempenda kuliko macho yake. Jina lake Keyumars, mtoto wa ndugu yake Shah aliyekuwa gavana wa Shiraz, amelelewa mapajani mwa bibi yake tangu azaliwe, na alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Siku Turan alipotimiza siku arobaini, yule mzee alimshika kidevu akasema, mbele ya watu, kwamba huyu atakuwa mke wa Keyumars wake, na uchumba utafungwa majira ya baridi. Mama wa mchumba wa Keyumars hafukuzwi. Hupewa nyumba yake humo humo, na binti yake hulala chumba cha pili. Mahrokh alirudi chumbani siku ile akalia mpaka kifua kikamuuma, kwa furaha.

Na Bibi Shokuh naye alikuwa na binti mchanga. Nani asiyejua alikuwa amempangia Keyumars? Sahani zilianza wiki ile ile.

Basi Mahrokh akalinda. Mtoto hakushikwa na mtu. Kila asubuhi na jioni Nabati alizungusha moshi wa mbegu za esfandi, za kufukuza jicho baya, hadi mtoto akapiga chafya. Wanawake walioleta zawadi walipokewa zawadi mlangoni na kushukuriwa mlangoni. Wakaanza kumwita Mke wa Kizingitini, na yeye akasikia, na akaona afadhali aitwe hivyo kuliko kuitwa mama wa marehemu.

Vuli ilipoingia, homa ya majira ikamwangusha. Ilianza asubuhi kwa baridi ya mifupa, na kabla ya adhuhuri alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi manne, maziwa yamekauka, na Turan analia kwa njaa hadi sauti imepasuka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Shokuh mwenyewe, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye kifua kilichojaa.

"Nimesikia kilio kutoka kwangu," alisema Bibi Shokuh. "Huyu ndiye anayemnyonyesha binti yangu. Mpe mtoto, maskini."

Mahrokh akajiinua kwa kiwiko. Macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi. "Mwanangu hana njaa."

"Hana njaa? Mahrokh, analia hadi farasi wa zizini wanasikia."

"Ni tumbo. Ahsante, bibi. Nenda na mtu wako."

Bibi Shokuh akainua pua yake, akaondoka. Nabati akashika kichwa. "Sasa mtoto atakula nini? Kiburi chako?"

Mahrokh alikuwa ameshawaza. Homa inachoma kichwa lakini hofu inafikiri vizuri, au ndivyo alivyojiona. Alikuwepo mwanamke mmoja tu katika nyumba nzima ambaye maziwa yake hayangeweza kutiwa kitu: Khavar, mama wa kumnyonyesha Keyumars. Chakula cha Khavar kilipikwa jikoni kwa Mama wa Shah na kuonjwa na watu wawili. Nani angethubutu kumpa sumu mwanamke yule, na Keyumars analala kwenye kifua kile? Ziwa linalomlea mtoto wa kifalme ndilo salama kuliko yote. Akamtuma Nabati mbio.

Mama wa Shah alikuwa anapanda gari kwenda kuzuru kaburi takatifu la Rey, alale huko. Akakubali kwa ishara ya mkono, akiwa na haraka. "Mpeni Khavar," alisema. "Mara moja mbili, mpaka mama yake apate nafuu. Keyumars atakula mkate na supu, ameshakuwa mwanamume."

Khavar akaja. Alikuwa mwanamke wa Qazvin, mtaratibu, msema kidogo, mjane. Turan akalishika ziwa kama aliyeokotwa jangwani, na chumba kikatulia. Hapo Mahrokh akatoa amri, na akaitoa kwa sauti, mlango ukiwa wazi, ili kila sikio la Ndani lipate haki yake.

"Nabati, kaa mlangoni. Asiingie mtu. Na mtoto huyu asitiwe kitu kingine chochote mdomoni. Si maji ya sukari, si samli, si asali, si ziwa la mwanamke mwingine. Khavar peke yake, mpaka nitakaposimama kwa miguu yangu. Nimesema."

Nje ukapita mnong'ono. Mjakazi mmoja akacheka.

Mchana ukapita, alasiri ikapita. Mtoto alipoachia ziwa, Mahrokh alimvuta chini ya kwapa lake na kumbana hapo. Alipolia, alimpa Khavar na kumtazama asipepese. Jioni, Khavar alipomaliza swala ya magharibi, alikunja mkeka wake wa kuswalia polepole, akakaa karibu na kitanda.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto apewe maji ya sukari kidogo. Kijiko kimoja tu."

Mahrokh alihisi nywele zinamsimama. "Kwa nini?"

"Ni vizuri. Au aitwe mwanamke mwingine amnyonyeshe mara moja, halafu niendelee mimi. Si vizuri iwe mimi tu, mfululizo namna hii."

"Umechoka?"

"Sijachoka, bibi. Ila kuna jambo la sheria..."

"Nani amekutuma?"

Khavar akaweka mkeka pembeni.

"Nakuuliza, Khavar. Mchana kutwa umekaa kimya, sasa giza linaingia ndiyo unataka kijiko. Kijiko cha nani? Shokuh amekupa nini?"

Wanawake wengine wangeapa kwa Kurani na kwa roho za wazazi wao. Khavar alikuwa na hulka nyingine. Uso wake uliingia ndani kama konokono, akamchukua mtoto, akamweka kifuani, akatazama ukuta. "Hakuna aliyenituma," alisema, na hakusema neno jingine mpaka asubuhi. Mahrokh akajipongeza kwamba amewahi. Adhuhuri ya siku ya pili homa ikashuka, maziwa yakarudi, na Khavar akaenda zake bila kuaga.

Majira ya baridi yakafika, theluji ikakaa juu ya miti ya ua, na siku ya kufunga uchumba ikawadia. Walikusanyika chumbani kwa Mama wa Shah kuzunguka korsi, ile meza fupi yenye makaa chini yake na blanketi kubwa juu, kila mtu miguu ndani na shali begani. Sinia za lozi za sukari zilikuwa tayari. Keyumars alikuwa anajaribu kupanda mgongo wa bibi yake. Bibi Shokuh alikaa upande wa dirisha, amevaa vizuri, uso haumwambii mtu kitu, na Mahrokh alikuwa amemkazia macho yeye tu. Kama kuna balaa, lingetoka pale.

Mulla Sakine, yule bibi aliyewafundisha wanawake dini, alikohoa, akauliza yale yanayoulizwa siku zote. Baba wameridhia? Wameridhia. Mtoto wa kike ni mzima? Ni mzima. "Na kuna maziwa baina yao?"

"Maziwa gani?" alisema Mama wa Shah, akitabasamu. "Endelea, Mulla, lozi zinatungoja."

"Yapo," ilisema sauti kutoka ukutani.

Ilikuwa ya Khavar. Alikuwa amesimama na nguo za mtoto mikononi, mweupe kama ile theluji ya nje.

Keyumars aliteleza kutoka mgongoni akakaa. Mulla Sakine akavua miwani. "Sema, mwanangu. Mara moja mbili si neno."

"Ni siku ile Bibi Mahrokh alipolala na homa. Tangu adhuhuri mpaka adhuhuri."

"Mchana na usiku mzima?"

"Ndiyo. Nilitaka kulizuia, sikuweza. Tangu hapo nasubiri kuulizwa, maana mimi si mtu wa kwenda kuzungumza asipoulizwa."

Sasa Mahrokh akalielewa, lote kwa mara moja, na akahisi makaa ya korsi yamezimika. Sheria hiyo aliijua. Kila mwanamke aliijua. Mtoto akinyonya kwa mama mwingine mchana na usiku mzima, pasipo chakula kingine wala ziwa jingine kuingia katikati, anakuwa mwana wa mama huyo, na wote walionyonya kwake ni ndugu zake. Ndugu haolewi na ndugu. Lakini inahitaji ukamilifu ambao haupatikani katika nyumba ya kawaida, kwa sababu katika nyumba ya kawaida daima kuna shangazi mwenye kidole cha samli. Hakuna mama mwenye akili zake anayefukuza mashangazi wote.

"Sikilizeni vizuri," alisema Mulla Sakine. "Kama alipata chochote katikati, hata maji ya sukari ya kumshibisha, hakuna undugu, na tunaendelea. Khavar?"

"Nilitoka kutawadha mara kadhaa," alisema Khavar, akichagua maneno. "Nikiwa nje sikuona. Anayejua ni mama yake."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa umeachwa wazi, na kila mtu aliuona. Kabla Mahrokh hajafungua kinywa, Nabati akajitupa mbele kwa magoti.

"Nilimpa mimi," alisema. "Bibi alipopitiwa na usingizi. Nilimlisha maji ya sukari, bakuli zima. Mnipige mkitaka, nilivunja amri."

Mama wa Shah akashusha pumzi. "Mungu akubariki kwa utundu wako," alisema. "Mahrokh, ni kweli?"

Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Hata kuitikia si lazima, kunyamaza kungetosha. Angebaki. Turan angelala chumba cha pili, angejifunza kutembea mbele ya macho yake, angekuja kumwita mama kwa miaka yote. Na hakulala siku ile. Hakupitiwa na usingizi hata dakika; alimbana mtoto chini ya kwapa mpaka mkono ukafa ganzi. Nabati alikuwa anadanganya kwa ajili yake, na alikuwa anadanganya vizuri.

Akamtazama Bibi Shokuh. Hakuwa anatabasamu, wala hakuonekana kutega. Akamtazama Keyumars, ambaye alikuwa anajaribu kula shali ya bibi yake, na akamwona akiwa na ndevu, analetwa siku moja chumbani kwa Turan, na Turan hajui, na yeye mama yake anajua, na anakula lozi za sukari.

"Nabati anasema uongo kwa kunipenda," alisema. "Sikulala. Hakupewa kitu."

Mama wa Shah akaisukuma kando sinia ya lozi. Aliposema, hakupandisha sauti. "Nilikuazima ziwa," alisema, "ukaniharibia ndoa. Kisa nini? Ulidhani watu wa nyumba yangu ni wauaji?"

"Aliwapa paka sahani zangu," alisema Bibi Shokuh kutoka dirishani. "Nilikuwa na nadhiri. Niliahidi nikijifungua salama nitamlisha kila mwanamke anayenyonyesha humu ndani, mwaka mzima. Wengine wote walikula."

"Na wewe ulinyamaza," alisema Mahrokh.

"Ningesema nini? Ningetaka kukuua, nisingepoteza zafarani yangu."

Wanawake wawili watatu walicheka. Mahrokh alimkuta Bibi Shokuh ukumbini baadaye, akamshika mkono wa nguo, jambo ambalo siku nyingine lingemletea viboko. "Ulijua," alimwambia. "Siku ile ulikuja na mnyonyeshaji wako makusudi, ukijua nitamkataa, ukijua nitamfungia mtoto na mnyonyeshaji mmoja tu."

Bibi Shokuh alimtoa vidole kimoja kimoja. "Nilisikia mtoto analia," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini ukitaka kuamini hivyo, amini, kama inakusaidia kulala." Na Mahrokh akabaki pale ukumbini, hajui lipi kati ya hayo mawili ndilo lililosemwa kwa dhati. Mpaka leo mimi sijui pia. Binti wa Shokuh alichumbiwa Keyumars kabla theluji haijayeyuka.

Nairuzi ikaingia. Waliweka ngano iliyochipua madirishani, wakatandika mazulia uani, na Agha Yakuti akaja na wapagazi wawili na sanduku la nguo. Ofisa alikuwa wa kikosi cha Tabriz. Watu walisema si mtu mbaya. Mama wa Shah, ambaye hasira yake ilikuwa imepoa ikaacha uchovu, alimruhusu Mahrokh jambo moja: aseme nani amlee Turan. Kama hana wa kumtaja, atakwenda kwa mke mkubwa kama desturi ilivyo.

Usiku mzima Mahrokh aliwapitia wanawake wa Ndani mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na doa. Huyu ana wivu, yule mlafi, huyu rafiki wa Shokuh, yule mjomba wake alifungwa. Nabati angependa, lakini Nabati alikuwa mjakazi wake na anaondoka naye. Asubuhi ilipofika hakuwa na jina.

Khavar alikuja bila kuitwa. Alisimama kizingitini, hakuvuka.

"Nipe mimi," alisema. "Wamemharamisha kwa Keyumars kwa sababu mimi ni mama yake. Kama ni mama yake kwa hilo, basi ni mama yake kwa yote."

"Siku ile ya kijiko," alisema Mahrokh. "Ulitaka kuniambia."

"Nilitaka."

"Mbona hukusema tu? Maneno matatu yangetosha."

"Uliniuliza nani amenituma, bibi. Nikaona hata nikisema, utalitafuta jina la mtu nyuma ya maneno yangu. Nikakasirika. Hilo ni kosa langu, na nimelilia."

Agha Yakuti alikohoa uani. Mahrokh alimsogelea Khavar mpaka karibu kabisa, akamtazama usoni namna alivyokuwa amemtazama kila mtu tangu aingie nyumba ile, macho, mdomo, mikono, akitafuta ile alama ndogo inayomfichua mtu. Alitafuta sana. Alitaka kuipata, kwa sababu angeipata angekuwa na haki ya kung'ang'ania mlango, kupiga kelele, kuburutwa.

Hakuipata. Mbele yake alisimama mwanamke wa Qazvin tu, aliyekuwa anasubiri mtoto, na Mahrokh akaona kwamba hata jioni ile ya homa hakukuwa na kitu usoni pale.

Akamnyonyesha Turan hadi akashiba. Akamfunga kilemba chake kidogo, akamfungua, akamfunga tena. Kisha akamvusha kizingiti na kumweka mikononi mwa Khavar, na mtoto, aliyekuwa hajui mtu mwingine duniani isipokuwa mama yake na Nabati, aligeuza uso na kuupeleka moja kwa moja kifuani kwa yule mwanamke, kama mtu anayerudi mahali anapopajua.